Swali la Tatu la Fomu ya Sinema

Mimi sinema siipendi, na bwana wa ustawi wa jamii, mkubwa wangu wa kazi, nilimwambia hivyo hivyo, bila ya kuzungukazunguka. Akacheka, akanikabidhi kipaza sauti. Ndivyo nilivyofanywa mfasiri wa sinema katika ukumbi mmoja wa Changamwe, mwaka wa hamsini na nane, mimi Faki wa Boga, mtu wa Likoni, niliyeajiriwa kuandika barua na kutunza funguo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Picha huja na Kiingereza chake, nami husimama kando ya pazia nikawaambia watu kinachosemwa. Ikiisha, hukaa mlangoni na fomu nikauliza maoni. Fomu ilikuwa na maswali matatu. La kwanza: je, picha imependeza? La pili: je, imeeleweka? La tatu: je, kuna mtazamaji aliyelia au kupiga kelele? Hilo la tatu ndilo lililowakosesha wakubwa usingizi. Walikuwa na yakini kwamba Mwafrika akionyeshwa picha ya kutisha, akili zitamruka. Akilia mmoja tu, picha hurudishwa Nairobi, na huku haionekani tena.

Jumamosi moja ikaja picha ya mtu aliyetoka vitani. Watu wakaibandika jina, Chumba cha Juu. Mzungu mmoja anaishi peke yake katika nyumba kubwa, na juu kuna chumba asichothubutu kukifungua. Kila mfereji wa bomba ukidondosha maji, tone, tone, yeye hushika kichwa na kuona mtu asiye na uso amesimama kwenye ngazi. Hamna jini, hamna mchawi. Hofu yote imo kichwani mwake, kwani kuna jambo alilifanya vitani, akalisahau, na lenyewe halikukubali kusahauliwa. Nilikuwa nimeiona mapema peke yangu na mwendesha mashine ili nijue la kusema. Wallahi, hata mimi siku ile nilipopita penye mfereji niliongeza mwendo.

Tulionyesha saa kumi alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, na joto humo ndani usiseme. Watu walitulia. Ikawa karibu na mwisho, mzungu yule anapanda ngazi kwenda kukifungua chumba, maji yanadondoka, mara mtu akainuka safu ya nyuma.

"Fungeni maji!" akapiga ukelele. "Garama! Garama!"

Alikuwa Mramba, Mgiriama, mpasua kuni wa tanuri la mikate, mtu mkubwa, mpole, asiyesema neno siku tatu. Alikwenda vita vya Bama na jeshi la Mwingereza, akarudi. Sote tulijua kwamba huzunguka nyuma ya nyumba za reli ili asipite penye mfereji wa mtaa, na watoto walimcheka kwa hilo. Mamake, Nyevu, alikuwa ameketi upande wa wanawake. Alikuja akamshika mkono, wakatoka nje. Mwisho wa picha hawakuuona.

Mimi nikaendelea kufasiri. Ndiyo kazi.

Kisha nikakaa mlangoni na fomu yangu. Musyoka, mpakizi wa bandarini, akasema, "Mtu mmoja vyumba tisa, hana mke wala mpangaji. Asipate wazimu kwa nini? Angepangisha, hata huyo asiye na uso angekosa pa kusimama." Ishaka fundi cherehani alikuwa na neno moja tu, kwamba koti la yule mzungu limekatwa na mtu anayejua kazi, angalia mabega. Nikamuuliza, je, hakuogopa? Akasema aliogopa pale lilipopata damu. Mwanarehema, anayeuza mahamri mlangoni, hakuingia hata mara moja, lakini maoni alikuwa nayo. "Andika, kaka Faki, ni picha nzuri. Wametoka wote na njaa."

Yote niliyaandika. Swali la tatu nikaliacha wazi. Mimi katika maisha yangu sijaandika uongo kwenye karatasi ya serikali, na nilikuwa nikijivuna kwa hilo mpaka watu wakachoka kunisikia. Fomu ilitakiwa Jumatatu.

Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua dirisha la ofisi, Nyevu alikuwa keshafika. Mwanamke mzee, mwembamba, amejifunga kaniki, na miguu ina vumbi la kutoka mbali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ile sinema itarudi?"

Nikamwambia inategemea. Nikamweleza habari ya fomu, na kwamba mwanawe amepiga kelele ukumbi mzima ukasikia. Akaketi kwenye kizingiti bila kukaribishwa.

"Nilizaa wawili," akasema. "Wote wawili walikwenda. Mmoja akarudi. Barua ya serikali ilisema Garama hajulikani alipo. Nimemuuliza nduguye miaka kumi na minne. Hanijibu. Si kwamba hataki. Hajui. Jina la nduguye halijatoka kinywani mwake tangu arudi, ila Jumamosi."

"Pole, mama."

"Pole yako nimeipokea. Sasa nisikilize. Kwetu mtu hafanyiwi hanga, kilio cha maiti, kwa uvumi. Wazee wa mbari wamekataa, na hawakukosea. Lazima awepo shahidi aseme, nilikuwapo, alikufa hivi na hivi. Hapo ndipo watu hukaa matanga wakalia. Garama akiwa hai, namkosea kumlilia. Akiwa amekufa, namkosea kwa kutomlilia. Unaona nilivyokaa? Mimi ni mzee. Nikifa leo, hapana wa kumlilia tena. Jina limetoka, mwanangu, na mengine yako nyuma yake. Mwache aone mwisho."

Nilitaka kumwambia kwamba picha ni mchezo wa watu, imetengenezwa, haimjui Garama wala Bama. Lakini nilikuwa naujua huo mwisho, yeye haujui, na hilo ndilo lililonikaa rohoni.

Kwa kuwa katika mwisho ule mzungu anakifungua chumba, na ndani hamna mzimu, kuna kumbukumbu tu. Anajiona na nduguye kando ya mto, ndugu ameumizwa, naye anainuka anakwenda zake. Nyuma yake mkono wa yule ndugu unainuka kutoka matopeni. Na sauti inasema: alikuwa hai, nikamwacha. Mama huyu ndiye nimkalishe aone hayo, na mwanawe kando!

Lakini aliomba yeye. Alipokwisha kuondoka nikachukua kalamu, na kwenye swali la tatu nikaandika: Hapana. Mwandiko ulikuwa mzuri kabisa. Bwana wa ustawi, ambaye Jumamosi ile alikuwa Nyali kwa marafiki zake, akaniuliza tu, "Hakuna kelele, Faki?" Nikasema mtu mmoja alikanyagwa mguu. Akatia sahihi.

Jumamosi ya pili ukumbi ulijaa hadi milangoni, maana habari zilikuwa zimetembea. Nyevu safari hii hakwenda upande wa wanawake. Aliketi safu ya nyuma, begani kwa mwanawe, na hapana aliyethubutu kumwondoa. Pembeni aliketi mzee Lewa, wa mbari yao, na bakora yake. Hapo nikajua kwamba mwanamke yule hakuja kutazama sinema. Alikuja na baraza.

Nilifasiri kwa sauti ya kawaida, lakini kila mara jicho langu lilikwenda safu ya nyuma. Maji yakadondoka. Mramba alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili, hakuinuka. Mzungu akapanda ngazi. Mlango ukafunguka. Mto, matope, ndugu wawili. Mmoja akainuka, akaenda zake. Mkono ukanyanyuka.

Na mimi, Faki mtu wa kweli, nikamwangalia yule mama na moyo ukanishinda. Nikasema kwenye kipaza sauti: "Ndugu yake alikuwa ameshakata roho. Hapakuwa na la kufanya."

"Karani!" Musyoka akapiga kelele kutoka katikati. "Jumamosi iliyopita hukusema hivyo!"

"Nyamaza wewe!" nikamjibu. Nilikasirika kweli, kama mwizi aliyeshikwa.

Ndipo Mramba akainuka. Hakupiga ukelele safari hii. Alisema taratibu, na kwa vile mashine ilikuwa imefika mwisho wa mkanda, kila mtu alimsikia.

"Karani ni muongo. Mkono ule si wa maiti. Mmeuona nyote."

Mtu akavuta blanketi dirishani, jua likaingia, tukaanza kupepesa macho. Nyevu alikuwa bado ameketi. Alimwangalia mwanawe kutoka chini.

"Mkono wa nani, Mramba?"

"Wa Garama, mama."

"Alikuwa hai?"

"Alikuwa hai. Alipigwa hapa." Akajigusa tumbo. "Mvua ilikuwa inanyesha, maji yanadondoka kwenye majani, sisikii kitu kingine. Mto ukaanza kujaa. Nilimbeba, akasema nimweke chini. Nikamwachia chupa yangu ya maji. Nikaenda. Nilipogeuka, akainua mkono. Nilipogeuka mara ya pili, pale palikuwa mto."

Mzee Lewa akaegemea bakora yake, akauliza kwa sauti ya barazani, "Uliona kwa macho yako?"

"Kwa macho yangu."

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Nyevu bado hakusogea. Niliogopa atamlaani. Mama mwenye kusikia hayo ana haki ya kulaani, nami ningekuwa ndiye niliyeileta laana ile kwa uongo wangu wa kwanza na wa pili.

"Alisema nini?" akauliza.

Mramba akafunika uso kwa viganja vyake vya kupasulia kuni. "Alisema nisikwambie kwamba alilia."

Yule mama akanyanyuka. Akamshusha mikono mwanawe usoni, kwanza mmoja, kisha wa pili, akaishika.

"Basi alilia," akasema. "Nasi tutalia."

Akapiga yowe. Sijapata kusikia sauti kama ile, na Mungu asinisikilizishe tena. Mzee Lewa akavua kofia. Wanawake kwa upande wao wakapokea, mmoja baada ya mwingine, Wagiriama na wasio Wagiriama, na Mwanarehema akaacha sinia la mahamri mlangoni akaingia ukumbini kwa mara ya kwanza, mikono kichwani. Musyoka alikuwa akijifuta kwa kofia yake ya kazi. Mramba alilia akiwa amesimama, kichwa kwenye bega la mamake, ambaye alimfika kifuani tu. Wakatoka hivyo hivyo, watu nyuma yao, kwenda kuanza hanga. Njia waliyoishika ilikuwa ile ya penye mfereji.

Nikabaki na mwendesha mashine na viti. Nikaketi mlangoni nikatoa fomu. Nilijua picha itarudishwa, na kipaza sauti nacho kitapewa mtu mwingine. Swali la kwanza nikaliacha, sikujua la kujibu. La pili, je, imeeleweka? Ndiyo.

La tatu: je, kuna mtazamaji aliyelia au kupiga kelele?

Nikaandika: Ndiyo. Wote. Na karani pia.