Nyayo za Mkuu wa Komite

Saa moja ya asubuhi Mariyamu alikuwa ufukweni Rumonge na ndoo mbili tupu. Mitumbwi iliporudi na ndagala, dagaa wa ziwani, ndoo zikabaki tupu. Hiyo ilikuwa asubuhi ya arobaini. Ulikuwa mwaka wa tano wa vita, na jeshi lilikuwa limefunga ziwa isipokuwa kwa mitumbwi michache yenye kibali. Sita kati ya hiyo ilikuwa ya Mushagalusa, mtu wa Kivu aliyejua mapema kuliko wenzake mlango wa kamanda ulipo.

Mushagalusa hakumpa ndagala kila mwanamke. Mwenye mitumbwi alikuwa na waanikaji wake, na mwanamke alihesabiwa kuwa mwanikaji wake baada ya kupitiwa nyumbani. Desturi hiyo haikuwa na jina. Waliijua wote, hata wale waliohubiri kila wiki juu ya makosa madogo zaidi.

Mume wa Mariyamu aliteremshwa kwenye lori katika barabara ya Nyanza-Lac miaka miwili nyuma, na hakurudi. Mariyamu alibaki na binti yao Asya, wa miaka minne, ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kuwa myembamba. Mariyamu hakuikataa desturi. Alikwisha kuihesabu pamoja na mambo mengine ya vita. Alichokataa ni kufa kwa ajili yake. Alimtumia Mushagalusa ujumbe kwamba aje, lakini aje na kapoti, yaani kondomu.

Kapoti zilikuwapo. Shirika moja la msaada lilileta katoni arobaini kutoka Bujumbura, zikisindikizwa na wanajeshi, likaunda komite ya kupigana na SIDA, yaani UKIMWI. Mushagalusa akachaguliwa kuwa mkuu wake kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ghala lenye kufuli. Kila alasiri wavuvi walipanga mstari. Kila mmoja alipewa kapoti, akatumbukiza kiberiti chake ndani, akafunga fundo na kwenda ziwani. Hata wimbi likiwapiga, kiberiti kingebaki kikavu na taa ya kuvulia ingewashwa tena. Mushagalusa akaandika kwenye ripoti kwamba kapoti zote zimetumika vizuri, na barua ya pongezi ikaja.

Nyayo zilianza mwezi wa saba, katikati ya kiangazi. Wa kwanza kuziona alikuwa Pascasie, muuguzi wa zahanati. Askari aliingia na buti zake, akadungwa sindano, akatoka, na nyuma yake sakafuni pakabaki nyayo za mguu mtupu, za maji, vidole vitano vikionekana wazi. Pascasie alizifuta zikarudi. Jua lilizipiga mchana kutwa na hazikukauka. Kufikia Ijumaa alikuwa amezilinganisha na daftari lake la wagonjwa. Kila mwanaume aliyekuwa na kisonono, kaswende au ile nyingine, na akaenda kwa mwanamke bila kapoti, aliacha maji kila alipokanyaga. Wanaume waliotumia kapoti kwa kazi yake walitembea wakavu. Walikuwa watatu.

Mji ulizoea. Watu walitandika magunia mlangoni, na bei ya matambara ikapanda. Nyayo za kamanda zilifika hadi sehemu ambazo askari wake waliogopa kufika. Za Mushagalusa zilijulikana upesi kuliko zote, kwa sababu kidole kidogo cha mguu wake wa kushoto kilikatwa na mota ya mtumbwi. Mke wake Cibalonza alipiga deki mara tatu kwa siku.

Komite ikakutana. Pascasie alisoma daftari lake bila kutaja majina, ingawa sakafu ya mkutano ilikuwa imeshayataja.

"Murakoze, madame," alishukuru Mushagalusa. "Basi tumeelewa. Nyumba iko na maji, iko na ugonjwa. Mwanamuke wa nyumba ile asipewe ndagala, atatuharibia watu."

"Nyayo ni za wanaume," alisema Pascasie.

"Ndiyo, lakini nyumba ni ya nani?"

Wakaandika hivyo. Sijapata kusikia kikao kilichomaliza kazi yake haraka namna ile.

Jumatatu, saa sita mchana, Mushagalusa alifika kwa Mariyamu na ndoo ya ndagala mbichi. Asya alitazama ndoo. Mariyamu akamtuma kwa jirani.

"Amahoro, Mama Asya."

"Amahoro. Umekuja na ile kitu?"

Aliitoa mfukoni na kuiweka juu ya mkeka. Mushagalusa akapapasa mifuko, akatoa kiberiti, akaichukua ile kapoti, akakitumbukiza kiberiti ndani na kufunga fundo.

"Leo ni ya mwisho mu depo," alisema. "Na miye, unaniona kama mugonjwa?"

Maji yalikuwa yakitiririka kutoka viatuni mwake hadi chini ya mkeka. Mariyamu aliyatazama. Kisha akatazama ndoo, na akawaza mikono ya Asya. Alimchukia kwa moyo wote, akafunga mlango, wote wawili wakiwa ndani.

Mushagalusa alipoondoka, Mariyamu alizisugua zile nyayo kwa majivu, kwa mchanga, kwa chumvi. Zilibaki, kulia vidole vitano, kushoto vinne. Akaenda kwa Pascasie, naye akamwambia asubiri miezi mitatu ndipo atolewe damu, kisha wangoje barabara ya Bujumbura ifunguke ili damu ipelekwe. Mariyamu akawa anahesabu siku huku akigeuza ndagala juani. Kila homa ndogo ilimkalisha chini. Lakini Asya alikula siku tisa mfululizo.

Siku ya kumi komite ilikuja kukagua nyumba. Mushagalusa alitangulia na fimbo.

"Mama Asya, pole. Iko maji hapa," alisema, akigusa kila unyayo kwa ncha ya fimbo ili karani wa komite aandike.

Karani alitazama kidole kilichokosekana, akatazama kiatu cha Mushagalusa, akaandika jina la Mariyamu.

"Ni miguu yako, papa," alisema Mariyamu.

"Nyumba ni yako," alisema Mushagalusa, bila hasira.

Wakamfuta kwenye orodha. Ndagala waliokuwa juani wakachukuliwa, kwa ajili ya usalama wa walaji, na wakauzwa sokoni kabla ya jioni. Alipokuwa akitoka Mushagalusa aliacha nyayo nyingine nne, moja juu ya mkeka wa Asya. Mlangoni alisimama avute sigara. Alitoa ile kapoti mfukoni, akafungua fundo kwa meno, akatoa kiberiti. Kilikuwa kikavu kabisa, na njiti ya kwanza ikawaka.