Historia ya Maandishi Inaishia Mezani kwa Baba

Baba yangu ana hadithi moja tu, na ukikaa dukani kwetu kusubiri fotokopi yako itoke, utaisikia hata kama masikio umeyaacha nyumbani. Hapo kale watu waliandika kwenye udongo mbichi kwa kijiti, na aliyekosea alifinyanga upya. Wakaja wengine na mafunjo. Wengine wakamchuna mbuzi wakaandika kwenye ngozi yake, wengine wakanakili vitabu kwa mkono mpaka migongo ikapinda. Ikaja karatasi, zikaja herufi za madini ya risasi za kuchapia, na mwisho wa yote, kilele cha akili ya mwanadamu, ikaja taipureta. Hapo Baba huipapasa yake, iliyo mezani karibu na mlango. Kwake yeye historia ya maandishi ilianza kwenye udongo na ikaishia kwenye meza hiyo. Kilichofuata ni upuuzi wa watoto.

Mimi ni mmoja wa watoto wenyewe. Nina miaka arobaini na ushee, mtaa mzima unaniita Dada Fotokopi, na kila kinachofanya kazi katika chumba kile nakiendesha mimi: kompyuta, printa, mashine ya kujalidi vitabu, na fotokopi inayokwama karatasi kila ikimwona mtu mwenye haraka. Baba ndiye mwenye chumba. Kazi yake siku hizi ni kukaa mlangoni, kusalimia wateja na kuwakosoa tahajia zao.

Sasa, dada yangu mkubwa, Mungu amsaidie, aliolewa na mtu tunayemwita Mipango. Hajawahi kumaliza mpango hata mmoja tangu nimfahamu, lakini mwingine hakosi. Mwaka huu mpango wake ulikuwa chumba chetu. Alikuja nyumbani saa za chakula, akala vizuri, akajifuta mdomo, ndipo akaanza.

“Baba, tuseme ukweli. Pale dukani maji yamezidi unga. Siku hizi watu wanaandika kila kitu kwenye simu. Niuzie chumba, niweke vioo na makava ya simu, na wewe upumzike.”

“Na mimi?” nikauliza.

“Wewe shemeji tumeshakufikiria. Utahamia kwetu, umsaidie dada yako watoto.”

Yaani niwe yaya! Nimeingia chumba kile nikiwa binti, nimezeekea mle, kazi nyingine sijui wala mume wa kumkimbilia sina, leo niende nikakimbizane na watoto wa Mipango kwa chakula na asante! Nilimtazama Baba aseme neno. Baba alikuwa anatazama sahani. Nikajua tayari ameanza kukubali.

“Tutaweka tovuti,” nikasema. “Watu wapo. Hawajui tulipo tu.”

“Ataitengeneza nani?” akauliza Baba.

“Mimi.”

Mipango alicheka mpaka akapaliwa, na sikumpa maji. Baba yeye hakucheka. Alifikiri, akakata kauli: “Haya. Mpaka mwisho wa mwezi ujao. Hiyo tovuti yako ikituletea mteja mmoja, mmoja tu, asiyetujua, chumba hakiuzwi. Isipoleta, mkwe wangu alete karatasi nitie saini.”

Ndivyo nilivyojikuta kwenye darasa la watu wazima, alasiri, katika ukumbi wa maktaba, nikifundishwa na binti ambaye ningeweza kumzaa na kumpeleka kliniki. Alikuwa mpole. Kazi ya kwanza ilikuwa kichwa cha habari kikae katikati ya ukurasa. Nikatabasamu, maana hiyo ndiyo kazi aliyonifundisha Baba kwenye taipureta kwa kunichapa rula vidoleni: unahesabu herufi, unatoa kwenye upana wa mstari, unagawanya kwa mbili, unasogeza nafasi kwa nafasi. Nikahesabu. Nikabonyeza nafasi zangu zote kwa uaminifu. Nikafungua ukurasa: kichwa kimeng'ang'ania kushoto.

“Mama, kivinjari, hiki kinachofungua kurasa, kinakula nafasi,” akasema mwalimu. “Ukiweka moja au ukiweka mia, kwake ni moja.”

“Basi hakina adabu.”

Akanionyesha. Kumbe unakiandikia agizo moja tu, *kaa katikati*, nacho kinakaa. Hakuna hesabu, hakuna rula. Nilifurahi na nikaumia palepale, nikikumbuka vidole vyangu. Nyumbani nilimweleza Baba.

“Kwa hiyo hata mtu asiyejua kuhesabu anaweka katikati?”

“Ndiyo, Baba.”

“Dunia imekwisha,” akasema, akaenda kulala mchana.

Nikaendelea hivyohivyo, kwa kuanguka na kuinuka. Siku moja nilifungua agizo la herufi nene nikasahau kulifunga, ukurasa mzima ukanenepa. Siku nyingine picha ya duka ilitokea kubwa mpaka ikabaki pua ya Baba peke yake kwenye skrini. Alikasirika kwanza. Halafu nikaona kiti chake kinasogea. Leo kiko mlangoni, kesho katikati ya chumba, keshokutwa kiko begani kwangu, naye ananipulizia sikioni.

“Hizo herufi mbaya,” akasema. “Zimechongwa na mtu mvivu.”

Nikamtafutia herufi za mtindo wa taipureta, maana zipo, nikazimwaga ukurasa mzima. Baba alivaa miwani, akaisogelea skrini, akazifuata herufi kwa kidole moja baada ya moja. “Hiyo ni mashine yangu,” akasema. Sikumtania. Na mimi nina utu wangu, japo si kila siku.

Tukaandika jina Dada Fotokopi, mtaa wetu, na tunachofanya: kadi za harusi, kujalidi vitabu na tasnifu, jalada gumu, maandishi ya dhahabu. Ilipobaki namba ya simu, Baba akanisukuma kwa kiwiko.

“Namba nitaandika mimi. Namba ndiyo roho ya tangazo. Ukikosea hapo, umekufa.”

Akaandika. Vidole vyote kumi, macho juu, kibodi ikiruka mezani kwa vishindo vyake. Mimi nikaichukua namba yake kama ilivyo, nikainakili kwenye lile agizo tulilofundishwa, ambalo mtu akiigusa namba kwa kidole, simu yake inapiga moja kwa moja. Nikailinganisha na namba iliyo kwenye bango letu la mlangoni. Sawasawa. Kujipigia sikujaribu, maana namba yenyewe ni ya simu iliyokuwa mfukoni mwangu, na mwenye akili timamu hajipigii simu. Tovuti ikaenda hewani, Baba akaagiza soda.

Halafu kimya.

Jamani, kimya! Kule kwenye ukurasa kulikuwa na kihesabio cha wageni, na wageni walikuwa wanaingia, tena wengi kuliko nilivyotarajia. Wanaingia, wanasoma, wanaondoka. Simu hailii. Niliikung'uta, niliizima nikaiwasha, niliipeleka dirishani. Mipango akaanza kuja na tepu ya kupimia, anapima ukuta kwa ajili ya shelfu zake huku nahudumia watu. “Endelea tu, shemeji,” ananiambia, “mimi si mgeni.” Siku ile niliingia stoo, nikakaa nyuma ya maboksi ya karatasi, nikalia kwa kwikwi. Niliona nimeshindwa kweli, kwamba mikono yangu haikuumbwa kwa zama hizi, na kwamba Baba ameona hivyo kabla yangu.

Siku ya mwisho wa mwezi Mipango alikuja na koti, karatasi za mauzo na kalamu mpya. Akazitandaza juu ya meza ya taipureta. Baba alizisoma zote, akasahihisha makosa mawili ya tahajia, akashika kalamu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye fotokopi nikimtolea mtu kitambulisho, sioni hata ninachobonyeza.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema ataingia bila kupiga hodi, amejaa vumbi la mbao, penseli sikioni, amekunja uso.

“Dada Fotokopi ni nani hapa?”

“Ni mimi. Karibu.”

“Sijaja kukaribishwa! Mnanitakia nini? Mimi ni fundi majeneza. Nafanya kazi ya heshima, kazi ya utulivu. Wiki kadhaa sasa nchi nzima inanipigia simu! Mama mmoja kaniambia ana shughuli ya binti yake Jumamosi, anataka kitu kizuri cha rangi ya dhahabu, kila mtu akikumbuke. Nikamwambia, pole mama, binti alikuwa na urefu gani? Akanitukana mpaka simu ikapata joto!”

Yule mwenye kitambulisho aliacha kusubiri chenji, akaegemea ukuta kusikiliza.

“Juzi kijana,” akaendelea fundi. “Ananiambia fundi, kazi yangu ya chuo imekwisha, Ijumaa ndiyo mwisho. Nataka jalada gumu, jeusi, jina langu juu kwa herufi za dhahabu. Nikaacha msumeno! Nikamwambia mwanangu, usijidhuru, chuo si maisha. Nimemwombea kwenye simu mpaka salio lake likaisha. Leo ndiyo mmoja kaniambia namba kaipata kwenye tovuti yenu. Tazameni wenyewe!”

Akatoa simu, ukurasa wetu huo hapo na herufi zake za taipureta. Akaigusa namba. Simu ikajaribu kujipigia yenyewe, ikagoma.

“Nani amewapa namba yangu?”

Nikamnyang'anya simu. Kwenye ukurasa, namba yetu, inayoishia na moja. Nikigusa, inayopigwa inaishia na tano. Nikagusa tena. Tano.

“Baba,” nikasema polepole, “ile moja uliiandika kwa kitufe gani?”

“Kitufe cha moja.”

“Njoo unionyeshe.”

Baba alikuja kwenye kibodi, na kidole chake, bila kusita hata kidogo, kikatua kwenye herufi l ndogo.

Mungu wangu! Nikageuka kuitazama ile taipureta. Safu ya namba juu inaanzia mbili. Kitufe cha moja hakipo, hakijawahi kuwepo, na mimi nilikuwa nimeshasahau. Waliotengeneza mashine zile waliona l ndogo inafanana nayo, wakaona waokoe chuma. Wapiga taipu wote wa enzi zake waliandika moja hivyo, na kwenye karatasi jicho la mtu halikujali. Simu haina jicho. Vitufe vyake vya namba vimebeba na herufi, na l inakaa kwenye tano. Kila aliyetutaka alipelekwa kwa fundi majeneza.

“Baba!” nikapiga kelele. “Nimelia stoo! Nimejiona mjinga mwezi mzima! Umeniambia ukikosea namba umekufa, na umekosea namba!”

“Ndiyo maana amekuja fundi majeneza,” akasema Mipango, akajichekea. Akasogeza karatasi. “Sawa, imeeleweka, lakini ahadi ni ahadi. Mteja hakuletwa. Baba, tia saini hapa.”

“Hebu ngoja, ndugu mwenye koti,” akasema fundi. Hasira ilikuwa imempungua. Alikuwa anautazama ukurasa wetu kwa makini, anaupandisha na kuushusha. “Simu yangu kabla ya haya yote ilikuwa hailii. Kazi yangu mtu hanipigii mpaka amebanwa kabisa, na hapo anamwendea wa jirani. Mwezi huu imelia mpaka mke wangu ananishuku. Dada, hiki kitu umekitengeneza mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

“Nitengenezee na mimi. Chenye namba yangu makusudi.”

Nikamsogelea. “Fundi, wewe ulikuwa unatujua?”

“Ningewajua nisingekuja kugombana. Ningetuma mtu.”

“Umeletwa na nini hapa? Sema kwa sauti.”

“Na hiyo tovuti yenu ya balaa!”

Baba akaiweka kalamu chini. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, na akachukua muda wake kwa kila jambo.

“Mkwe wangu, kusanya karatasi zako.”

“Lakini Baba, huyu si...”

“Nilisema mteja mmoja asiyetujua. Huyu hapa. Na wengine wote walikuja pia, nikawaelekeza makaburini kwa kidole changu mwenyewe.” Akanigeukia mimi. “Nilikusikia ukilia kule stoo. Nikadhani unalia kwa sababu umeshindwa, na sikuja. Nimekosea mimi, si wewe. Chumba hiki hukisimamii tena kwa niaba yangu. Ni chako.”

Mimi! Mimi ambaye nimemjibu polisi, nimemjibu daktari, nimemjibu mchungaji akiwa madhabahuni, nikaanza kupanga upya karatasi za fotokopi. Maisha yangu yote nilimsubiri mzee huyu aseme kitu cha namna ile, na nilikuwa nimeshaacha kusubiri. Nikalia mbele za watu wote, bila hata maboksi ya kujifichia. Mipango alizikunja karatasi zake mpaka zikawa ndogo, akasahau kalamu yake, akaondoka.

Fundi akakohoa.

“Dada, lia, ni haki yako. Ila kama tunaweza kuanza huku unalia, nitashukuru. Nina mtu nimemwacha karakana ananisubiri. Yeye hana haraka, lakini ndugu zake wanayo.”

Nikajifuta uso kwa karatasi ya printa, nikafungua ukurasa mpya, nikamwambia anitajie namba yake ya simu. Baba alivuta kiti karibu yetu, akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.