Mgonjwa wa Kiti cha Kumi na Tatu

Kama kuna mtu aliyejiandaa kusafiri sikukuu zile, ni Esnath wa Nkunga. Miaka ya tisini hiyo, mabasi ya watu binafsi yamejaa stendi ya Tukuyu yanagombea abiria, lakini Mwaka Mpya ukishapita hupati kiti hata ulie. Wote waliokuja Krismasi wanataka kurudi Dar siku moja! Esnath alikata tiketi wiki tatu kabla, kiti cha dirishani. Akachemsha magimbi, akaweka ndimu za kuzuia kichefuchefu, na mfuko wa nailoni endapo ndimu zitashindwa kazi. Nani angemfundisha nini?

Kilichomvuruga ni barua ya mumewe. Amoni, fundi wa magari huko Dar, aliandika: "Nimemkatia mgonjwa wetu kiti cha pembeni yako. Ana miadi ya hospitali Jumatatu, akiikosa ni mpaka Juni, na daktari anasema Juni atakuwa amechelewa. Mshike mkono mpaka nitakapowapokea."

Mgonjwa yupi? Esnath aliisoma barua mara tatu, akaigeuza na nyuma. Jina hakuna. Akakumbuka wifi yake Agness ana mtoto asiyeacha kukohoa, akajiambia ndiye huyo. Akanunua pipi.

Asubuhi ya safari mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake. Esnath alikaa dirishani, pipi mkononi, akimsubiri mtoto. Kondakta, kijana anayeitwa Fred, akapaza sauti: "Kumi na tatu huyo, mpisheni!" Akaingia mzee mrefu mwenye koti jeusi, fimbo inapapasa sakafu, macho yamefunikwa na utando mweupe. Akaketishwa pembeni yake.

Mungu wangu! Mzee Asajile wa Masukulu. Baba mkwe wake!

Esnath akajifunika kanga mpaka puani, akageukia kioo. Kwa Wanyakyusa walioshika mila, mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawasemezani, hawakai chini ya paa moja. Miaka sita ya ndoa Esnath alilijua koti lile kwa mgongo tu. Akisikia kikohozi chake njiani, anajitosa migombani mpaka apite. Sasa koti lenyewe limemziba njia. Atoke vipi bila kumgusa? Akibaki, amemvunjia heshima. Akishuka, nani atamshika mzee mkono? Halafu Amoni, mjanja yule! Alijua kabisa kwa nini hakuandika jina. Esnath alitaka kucheka, alitaka kulia, hakujua kipi kianze.

"Binti, unaumwa?" akauliza Sophia, mfanyabiashara wa vitenge aliyekaa nyuma yao. Esnath akamwonyesha mzee kwa kidole. Sophia, mzaliwa wa hapohapo, akaelewa mara moja, na maneno yakamponyoka: "Jamani! Si baba Amoni huyu? Mmewakalishaje mtu na mkwewe?"

Mzee akasimama kama aliyekalia kaa la moto.

"Nishusheni," akasema. "Mkwe wangu aende kwa mumewe."

"Tubadilishane viti, mzee," Sophia akamwambia. "Njoo ukae nyuma."

"Paa si ni hilihili moja?"

"Na macho yako je?"

"Nimeshayazoea hivi."

Akaanza kupapasa kuelekea mlangoni. Fred alikuwa juu ya basi anafunga mizigo. Esnath naye akanyanyuka, bila kujua anakwenda kumzuia au kumpisha. Njia ilikuwa imejaa vikapu, watu wanatazamana, kila mmoja anamngoja mwenzake. Mzee akafika kwenye ngazi zilizolowa, akanyoosha fimbo, ikakosa pa kugusa. Akainua mguu.

"Baba! Ngazi!"

Esnath alishtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Tayari alikuwa amemkamata mkono.

Mzee alibaki ameelekeza uso nje, kwenye mvua. Hakuuondoa mkono.

"Kumbe sauti yako ndiyo hii," akasema.

"Nisamehe, baba. Sasa tufanyeje?"

"Nitajuaje, mwanangu? Hata mimi sijawahi."

Dereva akapiga honi. Esnath akamrudisha mzee mpaka kiti cha kumi na tatu, naye akajipenyeza dirishani. Alimpa mkono huku amegeukia kioo. Mzee akaupokea huku amegeukia upande wa pili. Basi likaondoka hivyo. Njiani Esnath akamwekea pipi kiganjani. Mzee akaimenya taratibu, akaila.

"Siku wakinifungua bandeji ya macho," akasema, "usiende mbali. Nisije nikakutana nawe njiani nikakupita bila kukujua."