Marahaba Kutoka Nyuma ya Televisheni

Kitu cha kwanza nilichokiona ni magoti ya Sikujua. Watoto wengine walikuwa wameshakaa kwenye mkeka, midomo wazi mbele ya televisheni, lakini yeye alikuwa bado amepiga magoti, mikono ameikutanisha, macho kwa yule dada wa kwenye kioo. Alikuwa amempa shikamoo. Alikuwa anasubiri aitikiwe.

Dada wa kwenye kioo alitabasamu tu. Aliitwa Dada Shamsa. Akasema leo tutajifunza sauti ya herufi m, akamtoa chini ya meza mbuzi wake wa kitambaa, wakaanza kucheza. Sikujua akajishusha taratibu mpaka akakaa. Mdomo wake ulikuwa umeshuka pembeni.

Sikumwambia mtu. Wakati huo mimi nilikuwa siambii mtu kitu.

Chekechea yetu ilikuwa kwenye jengo la kigango, Kakese, mwaka ule wa mvua za elinino. Mwalimu alikuwa Sista Goreth. Mimi nilikuwa nasaidia: nafagia, napika uji, nawasha jenereta. Shule niliishia darasa la nne, na nikiongea na watu nilikuwa natazama ardhi. Mama alikuwa ananitania, "Vestina, mwana wanje, mwanangu wee, hao mchwa unaowasemesha kila siku, mwisho watakuja kukuposa."

Televisheni na deki alivileta kaka yake Sista kutoka Dar es Salaam, pamoja na kanda aliyorekodia vipindi vya watoto. Kwetu Mpanda ukiwasha televisheni bila kanda ulikuwa unaona chenga tupu. Hata kanda yenyewe ilikuwa na shida, kwa sababu waya wa kutoka kwenye deki ulikuwa umelegea. Ilibidi mtu aushike. Basi kazi yangu kubwa ikawa kukaa nyuma ya televisheni, kwenye kigoda, nimebana waya kwa vidole. Nikiuachia, Dada Shamsa anageuka chenga na watoto wanapiga kelele kama wameibiwa.

Niliipenda kazi hiyo. Hakuna aliyekuwa ananiona, na mimi niliwaona wote kupitia upenyo kati ya televisheni na ukuta.

Na kipindi kilikuwa kizuri, sitaki kumsingizia Dada Shamsa. Alikuwa anauliza, "Mmm, mmm, nani anaanza na mmm?" halafu anatega sikio, ananyamaza kidogo. Watoto wanapiga kelele, "Mama! Mbuzi! Muhogo!" Naye anaruka, "Vizuri sana!" Mbuzi anahesabu mahindi na kila mara anakula moja, hesabu inaharibika, wanaanza upya. Watoto walikuwa wanacheka mpaka wanalaliana.

Lakini hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Mtu akikutegea sikio na kukwambia vizuri sana, maana yake anakusikia. Kama anakusikia, kwa nini kila asubuhi anasema "Hamjambo watoto!", wanajibu "Hatujambo! Shikamoo!", na yeye hasemi marahaba?

Nilikuwa nawasikia wakijadiliana wakati wa uji.

"Ana maringo," alisema Mwandu, ambaye alikuwa na miaka mitano na maneno ya mtu wa hamsini. "Watu wa Dar wana maringo."

"Labda kwao hawakumfundisha," alisema Josephina.

"Mkubwa hivyo?"

"Nyie, mimi simwitikii tena. Mpaka aitikie yeye," Mwandu akakata shauri.

Kesho yake wakamgomea. Dada Shamsa alisema hamjambo, hakuna aliyejibu. Akatega sikio lake, mkeka mzima kimya. "Vizuri sana!" akasema yeye, anaruka peke yake kama mwehu. Sista Goreth alihangaika mbele yao. "Watoto, mna nini? Mmm, nani anaanza na mmm?" Mwandu alikunja mikono, akatazama dari.

Siku mbili hivi baadaye akaja Mzee Ngolo. Huyu ni babu yake Sikujua, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani, na familia za Wasukuma pale kwetu zilikuwa zinamsikiliza. Akichimba kisima yeye, wanachimba wote. Alikuja na kofia yake ya pama na fimbo, akasimama mlangoni.

"Sista, nimekuja kumwona yule mwanamke wa kwenye sanduku."

"Yule ni picha tu, baba."

"Picha inauliza maswali?"

"Inauliza, ndiyo."

"Inasikia majibu?"

Sista akacheka. "Hapana, baba. Inajifanya tu."

"Mjukuu wangu hajifanyi," alisema Mzee Ngolo. "Anapiga magoti kweli. Kila siku anarudi nyumbani anamuuliza bibi yake, 'Nimekosea wapi, mbona haniitikii?' Sasa nyie mnamfundisha nini? Kwamba salamu haina kazi? Kesho nitakuja kukaa niangalie mwenyewe. Nikiona mambo ni hayo hayo, namchukua akae na ndama. Ndama ukiwasemesha wanageuza hata masikio."

Alipoondoka, Sista alikaa kwenye benchi. Hakucheka tena. "Akimtoa huyu, watatolewa wote wa kwao. Mkeka ukibaki mtupu paroko atahamishia vitu hivi mjini," alisema. Nilijua. Lakini mimi nilimfikiria Sikujua peke yake. Alikuwa na tabia ya kunifuata jikoni na kuchora herufi kwenye majivu ya jiko langu, kwa kijiti. Herufi m yake ilikuwa na milima minne badala ya miwili, na kila mara aliitazama kwa furaha ya mtu aliyejenga nyumba. Ndama hawana majivu.

Kesho yake Mzee Ngolo alikuja mapema, akakaa nyuma kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti. Nikawasha jenereta, nikapita ukutani kama kawaida, nikakaa kwenye kigoda changu, nikabana waya.

"Hamjambo watoto!" akasema Dada Shamsa.

Kimya. Sista alinong'ona, "Jamani, msalimieni." Hakuna aliyefungua mdomo. Kupitia upenyo nilimwona Sikujua akigeuka kumtazama babu yake, kisha kioo, kisha babu yake tena. Halafu, polepole, akapiga magoti.

"Shikamoo," akasema. Sauti ndogo sana.

Dada Shamsa akavuta pumzi kuendelea na kipindi chake. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye waya, mwingine ukaenda wenyewe kwenye deki na kubonyeza kitufe cha kusimamisha picha. Na mdomo wangu nao ukaenda wenyewe.

"Marahaba, Sikujua," nikasema. "Umeamkaje?"

Sikujua akaweka mikono miwili mdomoni. Kisha mkeka wote ukainuka.

"Shikamoo dada! Na mimi! Mimi Josephina! Shikamoo!"

"Marahaba, Josephina. Marahaba, Salvator, futa kamasi kwanza. Marahaba, Mwandu."

"Jina langu amelijuaje?" Mwandu aliuliza, macho yamemtoka.

Nilikuwa nimesimamisha picha mahali pabaya. Dada Shamsa alikuwa ameganda mdomo wazi, jicho moja limefumba, lakini watoto hawakujali. Nilikuwa natetemeka mpaka waya unatetemeka na yeye anatetemeka nao kwenye kioo.

Hapo Mzee Ngolo akagonga fimbo chini.

"Na mimi je?" akasema. "Watoto wameitikiwa. Mimi mtu mzima nimekaa hapa na mvi zangu, huyu binti hanioni?"

Sikuwa nimeliwaza hilo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti. Mhola?"

Hiyo ni salamu ya kwao, na kwa bahati kisimani nilikuwa nachota maji na wake zao. "Mhola duhu," nikamjibu, kwamba ni nzuri tu.

Mzee alinyanyuka nusu kutoka kwenye benchi. "Eh! Anajua Kisukuma! Wazazi wazima?"

"Mama mzima, babu."

"Mahindi yameotaje huko?"

"Yameota vizuri, ila mvua imezidi. Ya bondeni yameoza."

"Kama ya kwangu kabisa. Unatoka wapi wewe binti?"

Sijui kwa nini sikusema Dar es Salaam. Mtu mzima akikuuliza unatoka wapi, unamwambia. "Kakese," nikasema.

Sista Goreth akafunika uso kwa kitambaa chake cha kichwani, mabega yanacheka. Mzee Ngolo alikaa tena chini, taratibu, anaitazama televisheni kama mtu anayekisia uzito wa fahali.

"Kakese," alisema. "Kumbe jirani. Haya, fundisha."

Nikabonyeza kitufe, Dada Shamsa akafumbua jicho, kipindi kikaendelea. Watoto walikuwa wanajibu kwa nguvu mpaka popo wa kwenye dari wakahama. Mbuzi akaanza kuhesabu mahindi yake: moja, mbili, tatu. Kabla hajala la nne, jenereta nje ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Nilikuwa nimesahau kuongeza petroli. Kioo kikawa cheusi.

Siku nyingine wangelia. Siku hiyo walibaki wamekaa, wanakitazama kioo cheusi, wanasubiri. Walikuwa wananisubiri mimi, ingawa hawakujua.

Nikaachia waya. Haukuwa na kazi tena.

"Mbuzi amekula yote," nikasema. "Sasa tutahesabu wenyewe. Pigeni makofi na mimi. Moja!"

Wakapiga. Tukafika kumi, tukarudi nyuma mpaka moja, tukapiga makofi ya kunong'ona, tukapiga makofi ya radi. Kisha nikawauliza sauti ya mmm, na nikanyamaza kidogo, kama alivyokuwa anafanya Dada Shamsa. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nasikia. Salvator alipotaja "samaki", nikamwambia, "Samaki anaanza na sss, kama mafuta yakiungua kikaangoni. Hebu muunguze." Wakamuunguza samaki wote pamoja. Josephina akataja mchwa, nikacheka mwenyewe huko nyuma, nikimkumbuka mama.

Nilipogeuza kichwa, Sikujua alikuwa amesimama pembeni yangu. Alikuwa amezunguka meza. Alinitazama, akautazama waya ulioanguka, akatazama mgongo wa televisheni wenye vumbi. Nikajua nimekwisha. Sasa atalia, nikawaza, nimemdanganya, na babu yake yupo.

Sikujua akapiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Shikamoo, Dada Vesti," akasema.

"Marahaba," nikamjibu. Sauti ilikuwa ileile, na safari hii nilikuwa namtazama usoni.

Upande wa pili nilisikia Mzee Ngolo akikohoa. "Binti wa Kakese, toka huko, shingo itakuuma. Sauti yako naijua tangu neno la kwanza. Si kila siku unawasalimia wake zangu kisimani, halafu mimi nikipita unajifanya kuchungulia ndoo?"

Nikatoka. Nilikuwa na buibui kwenye nywele na kidole kimoja cheusi kwa kutu ya waya. Watoto walinitazama, wakaitazama televisheni, wakanitazama mimi.

"Umetokaje humo ndani?" Mwandu aliuliza.

"Nimepita nyuma," nikasema. Ilikuwa kweli.

Mzee Ngolo akavaa kofia yake. "Sista, Jumatatu namleta Sikujua. Na mtoto wa jirani yangu Manyanda naye atakuja, nitamwambia baba yake." Alifika mlangoni, akageuka, akakinyooshea fimbo kioo cheusi. "Lakini yule naye afundishwe. Bado kijana, atashika tu."

Tulimfundisha. Tangu Jumatatu ile Dada Shamsa akisema hamjambo, picha inasimama, na mimi nasimama pembeni ya televisheni, siyo nyuma, naitikia watoto mmoja mmoja kwa niaba yake. Waya tuliufunga kwa mpira wa baiskeli. Sikujua aliipunguza m yake ikabaki na milima miwili, ingawa alisema ile ya minne ilikuwa nzuri zaidi, na mimi nakubaliana naye.

Jioni ya siku ile Sista Goreth aliniuliza, "Vestina, ni nini kilikufungua mdomo?" Nikamwambia ni huruma, kwa sababu ya mtoto. Mama aliniuliza vilevile, nikamjibu hivyohivyo. Wote waliridhika, na huruma kweli ilikuwepo.

Lakini huruma ilikuwa ya marahaba ya kwanza tu. Zilizofuata zote, na yale makofi, na samaki wa kwenye kikaango, vilikuwa vya kitu kingine ambacho niliona aibu kukisema mbele za watu. Nitakisema hapa. Nilipokuwa nyuma ya ile televisheni, gizani na kwenye vumbi, nilisikia sauti ya mwanamke ikiwafundisha watoto. Ilikuwa sauti nzuri. Nikatamani isinyamaze. Ilikuwa yangu.