Mikono ya Mwalimu Mwenda

Jumatatu baada ya chai, Mwalimu Mwenda alikuwa akimwonyesha Nimo, msichana mwanafunzi wake, jinsi ya kukata meno ya bolti kwenye mashine ya kukereza chuma, wakati gari la kuwachukua walimu waliotoka bara lilipofika langoni mwa chuo cha ufundi, hapa Garissa. Usalama ulikuwa umeharibika. Waliambiwa warudi makwao mara moja. Mwenda akatazama chuma kikizunguka. Kazi ilikuwa katikati. Akaenda garini, lakini mikono yake ikabaki kwenye mashine. Dereva akamfungulia mlango, akamfunga mkanda, wakashika njia ya Meru.

Mikono ilimaliza somo lile, na kesho yake ikaanza jingine. Mwanafunzi akibana chuma vibaya, iligonga benchi. Akipima sawasawa, ilitulia. Jioni Nimo alivaa glavu, kwa heshima ya dini na ya mwalimu, akaipangusa grisi na kuifunika kwa kitambaa safi.

Kiangazi kilipokaza, Dekow, baba mdogo wa Nimo, ambaye wao huitana adeer, alipiga simu kutoka kijijini Buna.

"Adeer, shafti ya pampu ya kisima imevunjika. Nairobi wanasema tungoje. Ngamia wanaweza kungoja. Mbuzi na watoto hawawezi."

"Ilete, adeer," alisema Nimo.

Shafti ilikuja kwa lori la mbuzi, vipande viwili ndani ya gunia. Nimo akatafuta chuma kizima, akakibana, kisha akaitazama mikono. Ilikuwa imekaa kando, kidole juu ya kidole, na haikusogea. Nimo akasema bismillahi, akawasha mashine mwenyewe. Alikereza hadi adhuhuri, kanzu yake ikalowa jasho mgongoni. Alipotaka kukitoa chuma, benchi likagongwa. Akapima tena. Kilikuwa kimezidi unene wa unywele. Akakipunguza. Benchi halikugongwa tena.

Shafti mpya ilipofika Buna na maji yakatoka, Dekow alitaka kumshukuru mwalimu. Nimo akawaunganisha kwa simu. Kule Meru, mke wa Mwenda alimshikia mumewe simu sikioni.

"Mwalimu, mimi mzee wa Buna," alisema Dekow kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Bambu wa kisima anatoa maji. Mbuzi anakunywa, mtoto anaoga. Allah akulipe heri."

"Si mimi, mzee. Ni Nimo."

"Yeye ni wetu, tumeshamshukuru. Sasa wewe."

Mwenda akauliza, "Nimo, mikono yangu iko salama?"

"Iko salama, mwalimu. Unaihitaji?"

"Huku nimepewa kiti tu, na mama watoto ananilisha vizuri. Iache ifanye kazi. Asanteni kwa kuitunza."

Abdinoor, mkuu wa chuo, alikuwa ameomba mwalimu mwingine tangu gari lile liondoke. Hatimaye afisa wa elimu akaja. Alisimama mlangoni mwa karakana akatazama mikono ikisahihisha kazi, akaridhika.

"Masomo yanaendelea," alisema. "Nafasi hii si tupu. Hatuwezi kuleta mtu."

Akanywa chai ya maziwa ya ngamia, akaisifu, akaondoka. Abdinoor alimsindikiza hadi langoni, akamshukuru kwa kufika. Kisha akarudi karakana, ambako wanafunzi wapya walikuwa wanaingia, akawakumbusha kwamba mwalimu husalimiwa kwanza.