Kuchagua Jimu kwa Ngumi

Mume wangu ni fundi wa makochi, na kama hujawahi kuishi na fundi wa makochi, shukuru Mungu kwanza halafu nisikilize. Hatuwezi kualikwa mahali tukaketi kama watu wengine. Anafika, anasalimia vizuri, na kabla hajakaribishwa anakipiga kiti ngumi moja ya taratibu, anaondoa mkono na kutazama sponji inavyoinuka. Ikiinuka upesi, wenye nyumba ni watu wa maana. Ikichelewa, njia nzima ya kurudi nitaelezwa jinsi watu wale walivyotapeliwa.

Mtoto wetu ni mmoja, wa kike, ana miaka mitano. Baba yake alimpa jina la Bisi kwa sababu hajawahi kutulia ndani ya sufuria yoyote. Alikuwa akiruka kitandani, akiruka ngazi zetu tatu za mlangoni, akiruka hata wakati wa kupigwa mswaki. Karakanani aliruka juu ya makochi ya wateja mpaka siku moja mteja akaja kuchukua kochi lake jipya akalikuta lina nyayo mbili katikati. Mwalimu wa chekechea ndiye aliyetushauri tumpeleke akajifunze jimnastiki, ili basi aruke kwa mpango. Tulikubali kwa furaha, mimi kwa ajili ya mtoto, na mume wangu, sitaki kumsingizia, kwa ajili ya makochi.

Jimu ya kwanza aliichagua yeye. Mimi nilikuwa nimejiandaa na maswali yangu kwenye karatasi: darasa lina watoto wangapi, walimu ni wangapi, mzazi anaruhusiwa kukaa akaangalia au vipi. Sikuuliza hata moja. Tulipoingia mwenzangu alikwenda moja kwa moja kwenye magodoro ya buluu yaliyotandazwa ukumbi mzima, akapiga goti, akapiga ngumi, akahesabu kimoyomoyo huku midomo ikimcheza. Aliponigeukia uso ulikuwa unang'aa.

"Mama Bisi, sponji hii hata mimi karakanani sina. Mwandikishe."

"Mwalimu mwenyewe hatujamwona."

"Walimu wanakuja na kuondoka. Mtoto akianguka, anapokelewa na godoro."

Nikaona ana hoja. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba niliona ana hoja.

Mwalimu alikuwa mwanamke nadhifu mwenye filimbi shingoni. Wazazi tulitakiwa kusubiri nje, kwenye viti vya plastiki ambavyo mume wangu aliviangalia kwa huruma maana havikuwa na chochote cha kupiga. Tulikuwa tunasikia filimbi, kisha kimya, kisha filimbi tena. Bisi akitoka tunamuuliza amejifunza nini, anajibu, "Kusimama kwenye mstari." Tulicheka. Tukaambiana kwamba hata hilo ni somo, na kwa mtoto kama yule ni somo kubwa.

Wiki ya nne nyumba ikatulia. Bisi alianza kukaa kwenye kochi miguu ikiwa pamoja, mikono mapajani, kama mgeni anayeona haya kuuliza choo kiko wapi. Mume wangu alifurahi akawa anawasimulia mafundi wenzake kwamba mtoto amepata adabu. Kisha asubuhi moja nikamwona anashuka zile ngazi tatu za mlangoni huku ameshika ukuta, moja baada ya nyingine, vidole vya mkono wa pili amevikunja ndani ya mkono wa sweta.

Sasa, mimi kazi yangu ni mapokezi kwenye kliniki ya meno. Mtoto mwenye hofu namtambua kabla hajaifikia meza yangu, na mara nyingi namtambulia hapo hapo, kwa vidole vilivyofichwa ndani ya sweta. Miaka minane nimeifanya kazi hiyo, watoto wa watu wote nawasoma. Wangu nilikuwa nimekaa naye wiki nzima nikidhani amekua. Nilijisikia mjinga, na zaidi ya mjinga nilijisikia mama mbaya, nikakaa kwenye ngazi nikamwita.

"Bisi, mbona siku hizi huruki?"

"Nikianguka atapuliza."

"Nani atapuliza?"

"Mwalimu. Ukianguka anapuliza filimbi, watu wote wanasimama wanakuangalia, halafu unarudi nyuma kabisa." Alifikiri kidogo. "Ukikaa tu, huanguki."

Mchana nikamfuata mume wangu karakanani nikamwambia neno kwa neno. Alikuwa anavuta kitambaa kwenye mgongo wa kochi, akakiachia.

"Kwa hiyo lile godoro lote," alisema, "mtoto hata hajalilalia."

"Hata mara moja."

Siku nzima hakupiga ngumi kitu chochote, na wanaomfahamu wataelewa hali ilikuwa mbaya kiasi gani.

Kumtoa pale lilikuwa jambo la dakika tano. Hofu ndiyo iliyogoma kutoka. Kuruka kulikuwa ndiyo furaha ya mtoto yule, na nilikuwa naona waziwazi kwamba tusipompata mtu wa kumrudishia, atakua hivyo hivyo, ameshika ukuta. Nikamwambia mume wangu safari hii natangulia mimi na karatasi yangu, ngumi yake ibaki mfukoni.

Jimu ya pili ilikuwa na kabati la vikombe vya ushindi mlangoni. Bwana wa mapokezi alimtazama Bisi kuanzia chini kwenda juu, akasema miguu inaridhisha, mabega tutaona. Bisi akajificha nyuma ya sketi yangu. Hata swali la kwanza sikufikisha.

Ya tatu ilikuwa ukumbi wa zamani nyuma ya fundi wa baiskeli. Magodoro yake yalikuwa na viraka, na viraka vingine vilikuwa na viraka. Nilimsikia mume wangu akivuta pumzi kama mtu aliyejikwaa kidole.

"Wameshona kwa uzi wa viatu," alininong'oneza. "Mama Bisi, twende zetu."

"Kaa kwenye benchi, Baba Bisi."

Benchi lilikuwa ndani, ukutani, wazazi wamekaa wanaangalia. Watoto walikuwa wanane na walimu wawili, mzee mmoja mwenye kitambi na binti yake. Somo lilikuwa kuanguka. Wanaanguka ubavu, wanaanguka nyuma, wanainuka, wanaanguka tena, na hakuna aliyekuwa na habari na mwenzake. Nikamfuata yule mzee na karatasi yangu. Alinijibu yote huku anamfunga mtoto mmoja nywele zilizofumuka, wala hakuonekana kuchoka na maswali.

"Siku ya kwanza mzazi mmoja anaingia na mtoto," alisema mwishoni. "Anachofanya mtoto, na mzazi anafanya."

Nikageuka kwa mume wangu. "Sketi ya kazini hii, inabana," nikamwambia. Ilikuwa inabana kweli, ingawa siku hiyo hata ningevaa suruali ingebana.

Akavua viatu. Ni mtu mzito, mwenye heshima zake, na magoti yake yalilia mpaka benchini tukasikia. Alipofika kwenye godoro mkono ukamponyoka kwa mazoea, akalipiga ngumi.

"Mzee mwenzangu," alisema mwalimu, "hilo godoro limekukosea nini?"

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Zoezi lilikuwa kichwangomba: mikono chini, kidevu kifuani, unajiviringisha. Bisi alikuwa amesimama pembeni kabisa, vidole ndani ya sweta. Mume wangu akaweka mikono chini, akainamisha kichwa, kiuno juu, akabaki hivyo. Nilidhani anafanya mzaha. Nikaendelea kucheka.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, uso ukiwa chini, "naogopa."

Miaka tisa ya ndoa sijawahi kumsikia akilitamka neno hilo. Kicheko kiliniisha.

"Sawa," mwalimu akamjibu. "Kaa hapo hapo mpaka utakapojisikia. Hatuna haraka." Akarudi kwa mtoto wake wa nywele.

Bisi akasogea. Alilala kifudifudi, akaweka shavu kwenye godoro ili amwone baba yake usoni.

"Baba, unaogopa kuanguka?"

"Ndiyo, mama."

"Hata hapa?"

"Hata hapa."

Bisi akavitoa vidole kwenye sweta, akainuka. "Basi niangalie mimi kwanza," akasema. Aliweka mikono chini, akajiviringisha, akaenda upande, akatoka nje ya godoro na kutua sakafuni kwa kishindo. Nilikuwa nimeshasimama. Hakulia. Alikaa pale alipoangukia, mabega juu, akimtazama mwalimu mdomoni.

Mwalimu alikuwa anatafuta kibanio cha nywele. Watoto wengine saba waliendelea na mambo yao. Bisi akasubiri filimbi, akasubiri tena kidogo, mabega yakashuka taratibu.

"Hakuna kitu, Baba," akasema. "Njoo."

Mume wangu akafumba macho, akaja na uzito wake wote, akaishia chali karibu na mwanawe. Mimi nilikuwa nimesimama mbele ya benchi la wazazi nisiowafahamu, nalia, na wala sikuona aibu.