Udongo Safi

Tangu nimzike mke wangu Faysa, sikuwa nimeswali hata rakaa moja. Wazee wa msikiti wa Bisil walinisihi mpaka wakachoka. Niliwaambia waniache na mbuzi zangu.

Kwenye ukame wa mwaka 2000 niliwapeleka mbuzi hao upande wa Mashuuru, peke yangu. Adhuhuri upepo ukatulia. Hapakuwa na mtu wala ndege, ila mgunga mmoja na mbingu. Kimya kile kikanishika kifuani, nikajikuta natafuta kibla.

Maji yaliyobaki kwenye jerikeni nilikuwa nimeshawapa mbuzi. Sheria naijua: ukikosa maji, unapiga viganja kwenye udongo safi, unapangusa uso na mikono, unaswali. Nikainama, nikasita. Mara ya mwisho kushika udongo nilimtupia Faysa kaburini, mara tatu, kwa viganja hivi hivi.

“Huu ndio ulionibakishia?” nilimwuliza Mungu kwa hasira.

Nikapiga viganja. Udongo ulikuwa na joto kama shavu la mtu. Nikaupangusa usoni polepole, nikaswali nikilia.

Niliporudi Bisil, jirani alinipa kopo la maji ninawe vumbi usoni.

Niliyanywa yote, vumbi nikaliacha.